Nimeachiwa Corolla ya cc 1300, kila mtu ananiambia nibadilishe injini. Mnaoendesha magari haya, raha yake inatoka wapi?

Kona_Kali

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mjomba wangu ameacha kuendesha kwa sababu ya macho. Mwezi uliopita aliniita, akanikabidhi ufunguo wa Corolla yake, ile yenye umbo la boksi, KE70 ya mwaka 1982. Injini ni 4K, cc 1290, kabureta, gia nne. Haina AC, haina pawa stelingi, vioo unazungusha kwa mkono. Redio ipo ila iliacha kusema siku nyingi. Mjomba aliinunua ikiwa na umri wa miaka mitano na hajawahi kuigonga popote.

Mimi nimezoea gari la kazini, otomatiki, unakanyaga linaondoka. Wiki ya kwanza na Corolla niliona ni adhabu. Njiani nina mlima mmoja. Nikiwa na abiria watatu nilishuka mpaka gia ya pili, nyuma yangu foleni, mmoja akapiga honi mpaka nikaona haya. Kazini wananiuliza kama chini nimewekewa pedeli za baiskeli.

Rafiki yangu mwenye gereji anasema tutoe 4K tuweke injini ya cc 1800 au 2000. Mwingine anasema uza hilo chuma.

Kinachonichanganya ni hiki. Jumapili iliyopita niliamka alfajiri, barabara tupu, nikaiendesha peke yangu kama saa nzima, sina ninakokwenda. Nilirudi natabasamu na sikuelewa kwa nini, maana sikuzidi hata 80. Naombeni mnieleze hiyo raha ni ya nini, na je, nikibadilisha injini itabaki? Kama ni ujinga wa wiki mbili semeni mapema nijue moja.

Boost_Tu

Uza. Niliwahi kuwa na gari la rika hilo, likanilaza njiani mara tatu kwa mwezi mmoja, mara ya mwisho saa nane za usiku mvua inamwagika. Tabasamu lako litakwisha siku utakayopitwa mlimani na pikipiki iliyobeba kitanda.

Trela_Mstaafu

Marahaba kijana.

Nimeendesha trela miaka 31, sasa napumzika. Gari langu mwenyewe ni Datsun 1200 ya mwaka 1973, niko nayo mwaka wa 22 huu. Nina maneno mengi juu ya jambo hili na mke wangu ameshachoka kuyasikia, kwa hiyo umeyataka mwenyewe.

Tuanze na hilo la kuonekana gari halina nguvu. Trela niliyomalizia kazi ilikuwa na injini ya farasi 380. Ukisikia hivyo unasema dude hilo. Lakini likishapakiwa, kichwa na mkia pamoja, lilifika tani 42. Gawanya: farasi tisa kwa tani moja. Datsun yangu kitabu chake kinasema farasi 68, nayo ina kama kilo 700 tu. Hata nikipakia watu wanne na mabegi yao, kila tani inavutwa na farasi zaidi ya 60. Corolla yako ni nzito kidogo kuliko yangu, ila hesabu haiendi mbali. Mimi nilipotoka kwenye trela nikakaa ndani ya Datsun niliona nimepewa ndege.

Sasa huo mlima wako.

Kwenye trela unafundishwa mapema, na usipofundishwa na mtu utafundishwa na barabara, kwamba mwendo ni akiba. Umeupata kwa mafuta na kwa muda, sasa kwa nini uumwage kwenye breki? Binti yangu anafundisha fizikia. Siku moja nilikuwa namweleza haya, akachukua kalamu. Akasema: baba, ukifika chini ya mlima na 80, mwendo huo peke yake, ukiacha upepo na msuguano, unatosha kukuinua mita 25 kwenda juu kabla injini haijatia mkono wake. Ukifika na 40, unakuinua mita 6 tu. Umepunguza mwendo kwa nusu, akiba imebaki robo. Jambo hilo mguu wangu wa kulia ulikuwa unalijua kwa miaka thelathini, ila sikuwahi kuliona limeandikwa.

Kuna sehemu ninapita kila wiki. Mteremko mrefu, daraja jembamba, kona ya kulia, halafu mlima wa kama kilomita moja na nusu. Miezi ya mwanzo na Datsun nilikuwa naufanya kama wewe: nashuka kwa kasi, naliogopa daraja, nakanyaga breki, naingia kona na 35, nikitoka pale gia ya tatu inakohoa, narudi ya pili, mlima mzima tunalia pamoja mimi na injini. Siku hizi mambo ni mengine. Kwenye mteremko kuna mti umeinamia barabara. Nikiufikia naingiza ya tatu, naachia mafuta, basi, breki siigusi. Injini yenyewe inalishika gari. Daraja nalivuka na 60, naliweka gari upande wa nje wa njia yangu, na katikati ya kona, usukani haujanyooka bado, mguu umeshaanza kurudi chini taratibu. Tunapotoka konani mguu uko sakafuni. Sindano inaanza kuporomoka, 58, 55, 52. Pembeni kuna kijumba cha pampu ya maji. Nikikipita nikiwa juu ya 50 najua tumeshinda. Kileleni tunafika na 45, gia ya tatu, ya pili hatujaigusa.

Kulipata jambo hilo sawasawa kulinichukua miezi minne, na mpaka leo si kila siku linakubali. Abiria wawili nyuma, linakataa. Upepo wa mbele, linakataa. Lori limenitangulia darajani, ndiyo basi tena, tunapanda na ya pili kama watu wengine. Lakini siku likikubali nikiwa peke yangu, mimi mtu wa miaka 67, naipiga dashibodi kofi kama mchungaji anavyompiga ng'ombe wake mgongoni. Gari la farasi 200 lingenipandisha pale bila hata mimi kujua kwamba kuna mlima.

Hilo ndilo jibu langu kuhusu Jumapili yako. Katika gari kama hilo kazi mnagawana. Injini ina fungu lake, wewe una lako, na ukilifanya vizuri fungu lako unaliona palepale kwenye sindano. La kazini linakufanyia yote, wewe unabaki kuwa abiria aliyeshika usukani.

Kuna na raha nyingine ya kitoto, sioni aibu kuitaja. Kwa safari moja mimi hukanyaga mafuta mpaka sakafuni labda mara kumi. Gia ya pili naivuta hadi injini inaimba. Askari wa barabarani akinitazama anaona mzee anapita na 50.

Shuka gia mapema, jamani. Watu wanasubiri mpaka gari litetemeke ndipo wanakumbuka kuna gia ya tatu. Ukishasikia sauti imeanza kuwa nzito, umechelewa kidogo. Ikishatetemeka, umechelewa sana na akiba imekwisha. Mteremko mkali nao, shuka na gia ileile ambayo ungeipandia, hasa kama nyuma una breki za dramu, maana zikipata moto zinakuwa kama umekanyaga mto wa kulalia.

Na kwenye barabara ndefu tafuta mwendo ambao gari lenyewe linaupenda. Langu ni 80 mpaka 85. Ukitoka 80 kwenda 110, nguvu ya kupasua upepo peke yake inapanda zaidi ya mara mbili na nusu, na hapo ndipo kelele zote zinapotoka, na mafuta yanapokwendea. Kwenye 80 Datsun inatembea imetulia kabisa, naweza kusikia vali.

Nimetaja vali. Kila baada ya miezi kadhaa nafungua kifuniko cha juu, injini ya moto, fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.35, vali zote nane moja moja. Vidole vinaungua kidogo. Halafu narudisha kifuniko, nawasha, nasimama pale kusikiliza ikitembea kama cherehani. Hiyo nusu saa siiuzi.

Sasa injini ya cc 2000. Rafiki yako haongopi, gari litakwenda. Swali ni litasimamaje. Breki za gari hilo, difu (gia za ekseli ya nyuma), propela shafti, giaboksi, rejeta, mpaka springi za mbele, vyote vilipimwa kwa injini iliyomo. Ukiweka injini kubwa inabidi uvifuate vyote kimoja kimoja, na usipovifuata umejitengenezea hatari. Ukivifuata vyote, umetumia muda na fedha kupata gari lingine ndani ya ngozi ya Corolla. Wapo wanaolipenda hilo na wanalifanya vizuri. Ila hiyo Jumapili haitakuwemo.

Kabla hujafungua hata boliti moja, hakikisha hiyo 4K inakupa ilicho nacho. Fanya hivi. Zima injini, toa kifuniko cha chujio la hewa, mwambie mtu akae kwenye kiti akanyage mafuta mpaka mwisho, wewe chungulia ndani ya kabureta. Kile kijisahani kinachoruhusu hewa kuingia kinafunguka kikasimama wima? Nimeona magari mengi ya zamani yanaitwa machovu kumbe kebo imelegea na kijisahani kinafunguka robo tatu. Wakati mwingine ni kapeti tu imekaa chini ya pedeli. Kabureta yako ina milango miwili, wa pili hufunguka ukishakanyaga sana. Kwa gari lililoendeshwa na mzee mpole miaka mingi huo wa pili huwa umeganda kwa uchafu. Kisha nyonya kwa mdomo ule mpira unaokwenda kwenye kikombe cha vakyumu cha distributa (kile kinachogawa umeme kwenye plagi). Ukinyonya ukaziba kwa ulimi, ubaki umeshika. Ukivuta hewa tupu, ngozi ya ndani imepasuka na injini yako inachoma mafuta kwa kuchelewa. Mwisho endesha kilomita kumi bila kutumia breki sana, simama, gusa rimu zote nne. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hiyo breki haiachii na umekuwa ukivuta nanga.

Ndugu hapo juu anasema yatakulaza njiani. Kweli. Langu limenilaza mara mbili ninazozikumbuka vizuri. Mara moja ni kondensa ya distributa, kidude cha ukubwa wa ncha ya kidole, na tangu siku hiyo natembea na nyingine kwenye kiboksi cha dashibodi. Mara ya pili ni joto: nimemaliza mlima, nimesimama dakika kumi, nawasha haiwaki. Petroli ilikuwa imechemka kwenye bomba, pampu inavuta mvuke. Dawa ilikuwa kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na kusubiri robo saa. Lakini mimi kwa hasira nilikuwa nimeshaanza kufungua kabureta, na skrubu niliyoidondosha siku ile mpaka leo sijaiona.

Kobe_Mwekundu

Mzee wa trela nimekusoma mpaka mwisho na nimecheka hapo kwenye skrubu. Ila mimi raha yangu haina hesabu hata moja.

Nina Beetle 1200 ya mwaka 1965. Cc 1192, farasi 34, nusu kabisa ya Datsun yako kwa vitabu vyao. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, rejeta haina. Umeme wake ni volti sita, kwa hiyo taa zake za usiku ni kama mishumaa miwili inayogombana, na mimi giza likikaribia huwa nimeshafika nyumbani. Hilo peke yake limebadilisha maisha yangu kuliko unavyodhani. Nina kazi ya kuongea na watu kutwa nzima. Saa kumi na moja nikishazungusha ufunguo, ile sauti ikaanza nyuma ya mgongo wangu, nawaza jambo moja tu: nifike kabla ya giza, na siwezi kukimbia. Hakuna cha kufanya isipokuwa kwenda. Dirisha liko wazi, kiwiko nje, nasikia harufu ya kila ninapopita, majani yaliyokatwa, vumbi lililoloa, moshi wa mtu anayechoma takataka.

Milimani sishindani na chochote. Nasogea pembeni, naweka ya tatu, nikishindwa ya pili, nikishindwa hata ya pili naangalia mandhari. Mzee anahesabu mita, mimi nahesabu watoto wanaonipungia mkono.

Halafu jamani tukumbuke tulikotoka. Citroën 2CV ilipoonyeshwa Paris mwaka 1948 ilikuwa na cc 375 na farasi 9. Fiat 500 ya mwaka 1957 ilianza na farasi 13. Watu walioa, wakazaa, wakahamisha vitanda na makabati kwa magari hayo. Beetle yenyewe iliendelea kutengenezwa mpaka Julai 2003 kule Mexico, na zilifika zaidi ya milioni 21. Sidhani wote hao walikuwa wanajitesa.

Kona_Kali usiweke injini kubwa. Ukitaka kasi tumia la kazini, mafuta si yako.

Boost_Tu

Mmeandika vizuri, nakiri, hasa mzee. Lakini hakuna aliyegusa jambo moja. Hilo gari likigongwa? Hakuna mto wa hewa, hakuna ABS, mlango ni bati moja. Siku hizi mtu aliye nyuma yako ana breki mara mbili ya zako na macho yake yako kwenye simu. Mimi niliuza langu baada ya kugongwa nyuma kidogo tu, kwenye mwendo wa mtu anayetembea, na kiti changu kikavunjika na kulala. Hapo raha iliisha.

Trela_Mstaafu

Hapo sina ubishi na wewe, na pole kwa kiti.

Anayesema gari la miaka hamsini ni salama kama la leo anajidanganya. Mimi ninachofanya ni kupunguza deni. Mikanda nimeweka ya pointi tatu, mbele na nyuma; Volvo waliianza mwaka 1959, kwa hiyo gari la 1973 halina cha kujitetea. Viti nimeviondoa vyote, nikachunguza reli na maungio, na kimoja kweli kilikuwa na ufa kwenye kulehemu. Taa za breki nimezidisha mwanga, na juu kwenye kioo cha nyuma nimeongeza nyingine, hiyo nadhani ndiyo kitu cha maana kuliko vyote.

Tairi msizitazame kashata (yale meno yake) tu, tazameni umri. Ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikiandikwa 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Magari haya yanatembea kidogo, tairi linazeeka likiwa na kashata zote, unaliona zima kumbe limekuwa gumu kama kwato. Kona_Kali kaangalie za mjomba leo.

Na ukiona magari matatu nyuma yako, tafuta pa kusogea wapite. Kwa adabu, ndiyo, lakini zaidi kwa sababu wa tatu huwa ameshakasirika, na mtu mwenye hasira akiovateki anakufanya wewe kuwa sehemu ya ajali yake. Kwenye trela nilikuwa nafanya hivyo, na hakuna aliyewahi kunipokonya mzigo kwa kuchelewa dakika mbili.

Usiku kwenye barabara kuu siendi nalo. Mvua kubwa nayo, naegesha.

Kona_Kali

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zimepita.

Shikamoo tena mzee wa trela. Nilifanya kama ulivyosema. Nilimweka mdogo wangu kwenye kiti, nikamwambia kanyaga mpaka mwisho, nikachungulia. Kijisahani kilifunguka kama robo tatu, kikaishia hapo. Nikafikiri ni kebo. Nikainua kapeti kuikagua, chini yake nikakuta kapeti nyingine, na chini ya hiyo kipande cha zulia la sebuleni ambacho mjomba alikiweka, anasema, "kuzuia kelele". Nimevitoa vyote vitatu. Kebo nimeikaza kidogo. Mlango wa pili wa kabureta ulikuwa umeganda kweli. Nilinyunyiza dawa ya kusafishia siku mbili mfululizo ndipo ukacheza. Mpira wa vakyumu ulikuwa na ufa nisioweza kuuona mpaka nilipoukunja. Na rimu ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuacha mkono. Silinda ndogo ya gurudumu lile ilikuwa na kutu, nimeibadilisha pamoja na ya kulia.

Tairi mbili kati ya nne zilikuwa za mwaka 2009. Nimezitupa.

Si gari lilelile. Halijawa la mbio, msinielewe vibaya, lakini sasa nikikanyaga kuna kitu kinajibu. Mlima wangu nikiwa peke yangu napanda na ya tatu, kileleni sindano iko kwenye 48. Nikiwa na abiria bado inabidi ya pili mwishoni, ila sasa najua ni wapi hasa, naishusha kabla haijaomba, na hakuna anayenipigia honi.

Jumamosi nilimchukua mjomba. Alikaa mbele, upande ambao, anasema, hajawahi kukaa tangu anunue gari. Macho yake sasa anaona vivuli tu. Hatukuongea sana. Tulipoanza mlima alinyamaza kabisa, akaweka kiganja juu ya dashibodi. Nilikuwa nasubiri ishara zangu, kuna nguzo ninayoitumia kama mzee anavyotumia kijumba cha pampu. Kabla hatujafika kwenye nguzo mjomba akasema, "Sasa." Nikaingiza ya pili. Iliingia laini, bila mshtuko wowote, hata kichwa chake hakikuyumba. Nimeshajaribu tena mara tano kuingiza pale aliponiambia na nimepatia mara mbili. Hiyo nguzo yangu iko mbali kwa kama mita ishirini.

Rafiki yangu wa gereji nimemwambia injini inabaki. Alicheka, halafu akaomba aliendeshe kidogo, na alichelewa kurudi.

Swali moja la mwisho. Honi inalia yenyewe nikikata kona kushoto. Kulia hailii. Mjomba anasema imekuwa hivyo tangu mwaka 1994 na dawa yake ni kukata kushoto polepole.

Trela_Mstaafu

Mwambie mjomba namsalimu sana.

Honi ya magari haya umeme unaifikia muda wote, kinachokosekana ni kurudi kwenye bodi, na kitufe cha usukani ndicho kinachomalizia hiyo njia. Kwa hiyo kuna waya chini ya kifuniko cha usukani umechubuka, ukikata kushoto unagusa chuma, na kwa honi hiyo ni sawa na umebonyeza. Bandua kifuniko cha katikati, utauona. Ufunge tepu, uusogeze mbali na chuma. Kama waya ni mzima, tazama ile shaba iliyo nyuma ya usukani inayosugua kwenye pete yake, huenda imepinda upande mmoja.

Toa nyaya za betri kwanza, la sivyo mtaa mzima utajua unafanya nini.